Kabla hujasema karogwa, mpime kwanza

Watu wa Dar tuna haraka sana ya kuhukumu tabia. Baba akianza kufoka ovyo nyumbani ana mchepuko, akisahausahau ni pombe, dada akikaa kimya anaringa, na akianza kuongea peke yake hapo moja kwa moja karogwa, kikao cha ukoo kinaitwa, michango inapitishwa kwenye grupu la WhatsApp, mtu anapelekwa Bagamoyo au Tanga kwa mtaalam, ikishindikana anapelekwa kwenye maombi, alafu hela ikishaisha ndo analetwa hospitali. Sisi tuliopo upande wa afya ya akili tunampokea hivohivo na wala hatugombani na mtu. Ila leo naomba tukae kwenye jambo moja tu: tabia inatoka kwenye ubongo, na ubongo ni nyama ya mwilini, damu ikichafuka nao unachafuka, homoni zikiyumba nao unayumba. Kwahiyo mtu mzima aliyekuwa na akili zake akibadilika ghafla, kabla ya kutafuta mbaya wake tafuteni kipimo.

Ubongo una kama kilo 1.4 hivi, yani asilimia 2 tu ya uzito wako, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili hata ukiwa umelala fofofo. Na hauna stoo ya maana, unategemea sukari na oksijeni inayoletwa na damu muda huohuo. Ndo maana mgonjwa wa sukari aliyechoma insulini asubuhi akachelewa kula, labda kakwama kwenye foleni ya Mbagala, anaanza kutoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, anaweza hata kumtukana konda, na abiria wote wanajua kalewa. Sukari kwenye kipimo ikishuka chini ya 3.9 mmol/L mwili unaanza kutoa taarifa, ikienda chini ya 3 ndo akili yenyewe inaanza kupotea. Kama anaweza kumeza mpe soda ya kawaida yenye sukari, au maji ya sukari, kama hawezi kumeza msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na wanaofunga Ramadhani huku wanatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, jamani ongeeni na daktari mwezi haujaandama, dozi inapangwa upya.

Sasa tuje kwenye stresi, maana hii kila mtu anaitaja na wachache wanajua inafanyaje kazi. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal Canada, aliandika kuhusu panya aliowasumbua kwa njia tofauti, wengine kwa baridi, wengine kwa kuchoshwa, wengine kwa madawa, na wote miili yao ikaonyesha mambo yaleyale, tezi zilizokaa juu ya figo zimevimba na tumbo lina vidonda. Hizo tezi zinaitwa adrenali na ndo mhusika mkuu hapa. Bodaboda ikikukatizia ghafla pale Ubungo zinamwaga adrenalini ndani ya sekunde, moyo unadunda, mdomo unakauka. Nyuma yake ubongo unatuma amri kupitia tezi ndogo ya pituitari iliyopo chini yake, adrenali zinatoa homoni nyingine inaitwa kotisoli, hii inachelewa kidogo, kilele chake ni kama dakika 20 mpaka 30, kazi yake ni kuhakikisha una sukari ya kutosha kwenye damu kupambana au kukimbia. Sio adui. Hata asubuhi kotisoli ikipanda ndo unapata nguvu ya kuamka, na usiku inatakiwa ishuke ulale.

Shida ni pale bodaboda haiondoki. Mtu kachukua mkopo wa kausha damu, marejesho kila siku, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, anaamka saa kumi alfajiri Chanika ili awahi Kariakoo, anarudi saa nne usiku, na simu ikiita tu tumbo linakata. Huyo kotisoli yake haina ratiba tena. Mwaka 1968 mtafiti Bruce McEwen na wenzake huko New York walionyesha kwa panya kwamba homoni ya aina hii inapenya mpaka kwenye ubongo na kushika sana sehemu inayoitwa hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu mpya, na tafiti zilizofuata zikaonyesha stresi ya muda mrefu inasinyaza vitawi vya seli za hapo. Wakati huohuo amigdala, ile sehemu ya woga na kujihami, yenyewe inazidi kuwa kali. Unganisha hayo mawili utamuona mtu unayemjua, anasahau alichotumwa lakini hasahau hata kidogo aliyemkwaza, na anawaka kwa kitu kidogo kama chumvi kuzidi kwenye mboga. Wenzie wanasema hela zimemvuruga. Ubongo wake uko kwenye ulinzi wa saa 24.

Habari njema ni kwamba kwa wale panya stresi ikiondolewa vitawi vilianza kurudi, na kwa binadamu pia usingizi, mazoezi na kupungua kwa mzigo vinasaidia. Najua kumwambia mtu wa kausha damu apunguze mzigo ni rahisi kwa mdomo, lakini usingizi hata yeye anaweza kuupigania.

Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Robert Sapolsky, huyu miaka mingi alikuwa anaenda Maasai Mara Kenya anawalaza nyani kwa dawa ya usingizi na kuwapima damu. Nyani hawana mikopo, chakula wanapata kwa masaa machache, muda unaobaki wanasumbuana wenyewe kwa wenyewe. Alichokuta ni kwamba kundi likiwa limetulia na kila mtu anajua nafasi yake, madume ya chini yanayoonewa ndo yana kotisoli ya juu. Wenye mabosi wa kufokea watu mbele za wateja nadhani mmeelewa.

Kotisoli ikikaa juu muda mrefu inazima pia homoni za uzazi, mwili unaona huu sio muda wa kuzaa. Dada hedhi inarukaruka. Kaka hamu inakata, testosteroni inashuka, anaona tangazo la nguvu za kiume kwenye nguzo ya umeme, ananunua unga asioujua una nini, usipofanya kazi anaongeza stresi juu ya stresi. Wengi wao nikiongea nao dakika kumi tu nakuta hawalali. Nguvu za kiume zikipungua pia pima sukari na presha, hizo mbili zinahusika sana na watu hawazitaji.

Kuna homoni za kununua dukani, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Mikorogo mingi ya kung'arisha ngozi imechanganywa na steroidi kali, mfano ni klobetasoli, na kuna wanaomeza deksamethasoni ili wanenepe mashavu. Steroidi hizi ni ndugu wa kotisoli, mwili hauzitofautishi. Ukipaka mwili mzima kwa miezi zinaingia kwenye damu, uso unakuwa wa mviringo, tumbo linatoka, presha na sukari zinapanda, na kichwani mtu anaweza kukosa usingizi, kuwa na furaha iliyopitiliza, kushuka na kuwa na sonona, yani huzuni nzito isiyoisha, wengine wanafika hatua ya kusikia sauti. Alafu kuna mtego mwingine, tezi zako zikiona homoni ipo ya bure zinalala, kwahiyo ukiacha ghafla unabaki huna kitu, unalegea, unatapika, presha inaporomoka, unaweza kufa. Usiache kwa hasira ya kusoma makala hii. Nenda hospitali wakupunguzie taratibu, na kopo lako ulibebe.

Shingoni kuna tezi ya thairoidi, ile inayovimba tunaita rovu. Ikifanya kazi kupita kiasi mtu anakuwa na papara, anakonda huku anakula, mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, halali, na ni rahisi kuambiwa ana wasiwasi au ana kitu kimempitia. Ikifanya kazi chini ya kiwango ni kinyume, mzito, mvivu, anasikia baridi wakati Dar hii wote tunatokota, choo kigumu, anasahau, analia. Daktari Mwingereza Richard Asher mwaka 1949 aliandika kuhusu wagonjwa 14 walioonekana vichaa kumbe ni thairoidi imelala, na wengi walipona kwa kupewa homoni hiyo. Kipimo ni cha damu na dawa ni kidonge cha kila siku. Rovu yenyewe mara nyingi inatokana na kukosa madini joto, kwahiyo ile chumvi ya mawe ya kupima kwa kopo isiyo na madini joto muiangalie mara mbili.

Mama aliyejifungua naomba tusimpitie haraka. Wakati wa ujauzito homoni za kike, estrojeni na projesteroni, zinapanda juu sana, kondo likishatoka zinaporomoka ndani ya siku chache. Siku ya tatu mpaka ya tano mama analia bila sababu, hii ni kawaida na inapita ndani ya wiki mbili. Ikizidi wiki mbili, hana raha, hataki mtoto au anamuogopa, anajiona hafai, hiyo ni sonona baada ya kujifungua na inatibika, wala sio kwamba hampendi mwanae au kadeka kwa mama mkwe. Halafu kuna ile kali zaidi, inampata kama mama 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua, anakaa siku nzima halali, anaongea haraka, anasikia sauti, anasema mtoto sio wake au mtoto ni jini. Hapo msisubiri arobaini iishe. Ni dharura ya usiku huohuo, na mtoto asiachwe nae peke yake. Msiichanganye na kifafa cha mimba, kile ni presha inapanda mpaka mama anadondoka na kukakamaa, chaweza kutokea hata akishajifungua, nacho ni dharura.

Magonjwa ya kuambukiza ndo usiseme. Malaria kupanda kichwani sio msemo tu, chembe nyekundu zenye vimelea zinanata kwenye mishipa midogo ya ubongo, damu haipiti vizuri, sukari nayo inashuka, mtoto anapata degedege na mtu mzima anaanza kuongea pumba. Dakika zinazoliwa na kufukizwa zinamgharimu mtoto, kuna wanaopona wakabaki na kifafa au tabia za kutotulia na shule inakuwa ngumu.

Kaswende ikiachwa miaka inaweza kufika kwenye ubongo, zamani hospitali za vichaa Ulaya zilikuwa zimejaa wagonjwa hao wenye majivuno ya ajabu, mtu masikini anajiita mfalme. Mwaka 1917 daktari Julius Wagner-Jauregg huko Vienna aliwaambukiza malaria makusudi ili homa kali iue vijidudu vya kaswende, na baadhi walipata nafuu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1927! Siku hizi penisilini inatosha, hatuhitaji kumpa mtu malaria, ingawa mbu wa Jangwani wangejitolea bure.

Wapenzi wa kitimoto nao wana fungu lao. Nyama isiyoiva vizuri inakupa tegu tumboni. Ila mayai ya tegu yanatoka na kinyesi cha binadamu, yakiingia kwenye maji au kachumbari isiyooshwa vizuri yule atakayeyala vifuko vinaweza kwenda kukaa kwenye ubongo wake na kumletea kifafa, hata kama maisha yake yote hajawahi kugusa nguruwe.

Mzee wa miaka 75 aliyelala vizuri jana, leo anaona watu ukutani, hamtambui mwanae, jioni ndo anazidi, usiseme uzee wala usiseme wameanza kumchezea. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ndani ya masaa au siku kwa mzee mara nyingi ni mwili, inaweza kuwa UTI, nimonia, maji yamepungua, chumvi ya damu imeshuka, au dawa mpya aliyopewa juzi. Mkojo, damu, kifua, tunaanzia hapo, na wengi akili inarudi chanzo kikitibiwa. Cha muhimu mje na mtu anayejua alivyokuwa kabla, na tarehe mabadiliko yalipoanza, na dawa zote alizotumia kwenye mfuko, za hospitali, za duka la dawa, na za mitishamba, hakuna atakayewagombeza.

Swali ninaloulizwa kila nikimaliza kuongea haya ni, je vipimo vyote vikitoka safi, si ina maana anajifanya? Hapana. Sonona, skizofrenia (ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo) na wenzake hazionekani kwenye kipimo cha damu tulichonacho, tunazitambua kwa historia na kwa kumchunguza mgonjwa, na dawa zake zipo. Ila dawa za sonona zinachukua wiki 2 mpaka 4 kabla hujaona tofauti ya maana, na siku za mwanzo zinaweza kuleta kichefuchefu na kichwa kuuma, ndo maana wengi wanaziacha wiki ya kwanza na kusema hazifanyi kazi. Akipata nafuu pia asiache, kawaida tunaendelea miezi 6 au zaidi, na siku ya kuziacha inapangwa na aliyeziandika.