Kabla ya kuingia hori ya Tudor kuzoa taka, someni maji

Septemba inapokaribia, barua za vikundi vinavyotaka kusafisha hori ya Tudor hapa Mombasa huongezeka mezani petu katika idara ya mazingira ya kaunti, kwa kuwa Jumamosi ya tatu ya mwezi huo ndiyo hutengwa kimataifa kwa usafi wa fukwe. Tunashukuru kwa dhati. Chupa na nyavu mbovu zilizonasa kwenye mizizi ya mikoko huko Mikindani na Junda hazina mashine ya kuziondoa; huondolewa kwa mkono. Hata hivyo, nyingi ya barua hizo zinataja saa tatu asubuhi, zinataja mgeni rasmi na rangi ya fulana, na hazisemi lolote kuhusu maji.

Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Bamvua ya hapa kwetu hupwa karibu saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi jioni. Kikundi kitakachoingia horini saa tatu siku hiyo kitaingia maji yakiishia, na muda si mrefu mitumbwi itakaa topeni. Tope la mikoko humeza mguu hadi gotini na kupita, na chaza walioshika mizizi hukata nyayo za anayejaribu kutoka kwa miguu. Hapo mtasubiri maji yarudi, juani, pamoja na watoto wa shule mliowaalika. Siku ya maji mafu, yaani yasipojaa wala kupwa sana, saa hiyohiyo ya tatu maji huwa yanakaribia kujaa. Jedwali la maji hutolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari, na mzee yeyote wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, atawaeleza bila hata kulifungua. Muulizeni kabla ya kuchapisha mabango.

Mkondo nao una nguvu zake. Takriban nusu ya maji yote hupita katika saa ya tatu na ya nne tangu yalipogeuka, na yakitoka hupita chini ya daraja la Nyali, Bandari ya Kale na Fort Jesus hadi bahari kuu. Kwa hiyo tunashauri muingie maji yakiwa yamejaa nusu, mfanye kazi hadi yatulie, na mwe nchi kavu kabla ya saa ya pili ya kupwa. Alasiri za msimu wa kusi upepo huzidi, na kayaki au bodi ya kusimamia huchukuliwa haraka kuliko mtumbwi.

Kuhusu jaketi la kuokoa maisha, tumechoka kusikia kwamba mtoto wa pwani hazami. Anazama. Anayejua kuogelea akigongwa na ubao wa mtumbwi, au akinaswa na wavu chini ya maji, ujuzi wake haumsaidii. Jaketi livaliwe na kufungwa kabla ya kupanda chombo. Lililotandikwa kwenye kiti halihesabiki. Chombo kikipinduka, kishikeni, msikiache kwa tamaa ya kuogelea hadi ukingoni.

Vyombo vingi hupinduka kwa namna mbili. Mtu husimama kuvuta taka iliyonasa, au magunia yaliyolowa hurundikwa upande mmoja. Gunia la taka zenye tope ni zito kuliko mnavyodhani. Vuteni mkiwa mmepiga magoti, mwenzenu akiegemea upande wa pili, na mpeleke magunia nchi kavu kidogokidogo. Sindano za hospitali msizishike kabisa. Wekeni alama, mtujulishe. Mwenye kidonda asiingie, maana maji taka humwagwa humo.

Sasa sheria, ambayo wengi huiona ni ya viwanda peke yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 kwa tangazo namba 2356 la gazeti rasmi la serikali. Adhabu yake chini ya sheria ya mazingira ni faini isiyopungua shilingi milioni 2 na isiyozidi milioni 4, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne, au vyote viwili. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika fukwe, misitu na hifadhi. Mikoko ni msitu wa serikali tangu 1932. Kwa hiyo katoni za maji ya chupa mnazowaletea wanaojitolea ni zilezile tunazozikataza. Leteni madumu na vikombe vya chuma. Wala msikate tawi la mkoko ili kupata njia. Kukata kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu.

Barua ielekezwe kwa idara ya mazingira ya kaunti, nakala kwa BMU ya eneo hilo, Huduma ya Misitu na Walinzi wa Pwani. Itaje tarehe, saa ya maji kujaa na kupwa siku hiyo, saa ya kuingia na kutoka, idadi ya vyombo na ya jaketi, jina la kiongozi atakayebaki nchi kavu na orodha ya majina, na mahali magunia yatakapowekwa. Mahali hapo pawe juu ya alama ya maji ya bamvua, na lori liwe limethibitishwa kwa maandishi, kwa sababu magunia yanayoachwa ukingoni Jumamosi huchukuliwa na maji usiku huohuo.