Mtoto anasinzia kipindi cha kwanza? Kabla ya fimbo tuangalie saa

Wazazi na walimu wa Dodoma, habari zenu. Kila tukifanya semina za afya ya vijana swali ni lile lile, mbona watoto wa sekondari wanasinzia asubuhi, na wengi wana jibu tayari, simu hizo, uvivu huo. Simu ipo sikatai. Ila kuna melatonini, homoni inayouambia mwili usiku umeingia, na mtoto akishabalehe inaanza kutoka kwa kuchelewa, inaweza kusogea hata masaa mawili, kwa hiyo ukimfukuza kijana wa fom tuu akalale saa tatu atajilaza tu macho kodo. Na mwili wake bado unadai masaa 8 mpaka 10.

Sasa piga hesabu. Kijana anakaa Nzuguni, shule ipo mjini, anatakiwa getini saa 12:45 afanye usafi kabla ya mstarini, maana yake saa 10:30 yuko macho, na usingizi ulimpata saa 5 usiku. Masaa matano na nusu! Mwezi wa saba jua lenyewe huku kwetu linachomoza kama saa 12:45, kwa hiyo anatoka giza, na ule upepo wa baridi mnaujua. Kituoni konda akiona sweta la shule anagonga bati, twende suka. Akichelewa anapigishwa magoti.

Marekani chama cha madaktari wa watoto kilishauri mwaka 2014 sekondari zisianze kabla ya saa 2:30. Seattle mwaka 2016 wakatoka saa 1:50 wakaenda saa 2:45, wanafunzi wakavalishwa vifaa mkononi vya kupima usingizi, ikaonekana wanalala wastani wa dakika 34 zaidi, yaani wale waliosema watoto watachelewa tu kulala walikosea. California ikatunga sheria 2019, ikaanza kutumika 2022.

Mimi sisemi tukopi kama ilivyo. Ukisogeza kengele ya asubuhi na ya jioni inasogea, na binti wa shule ya kata anayerudi kwa miguu porini huko Chamwino atafika usiku, hapo umetibu usingizi umeleta balaa lingine. Ndiyo maana mimi naanzia kwenye usafi. Kufagia majani saa 12:45 kuna haraka gani? Kupelekwe baada ya vipindi, na zile rimidio za alfajiri za fom foo zifutwe kabisa, mtoto hashiki kitu saa hizo hata ukimfundisha kwa kuimba.

Watoto waingie saa 1:20, vipindi vibaki palepale. Mkuu wa shule anaweza kukaa na bodi na wazazi wakajaribu muhula mmoja, na yule mwalimu wa zamu anayesimama getini na daftari la wachelewaji aendelee kuandika kama kawaida, mwisho wa muhula tulifungue tuhesabu majina.