Programu za kuchambua mahojiano: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Programu ndiyo inayochambua.
Hapana. NVivo, ATLAS.ti na MAXQDA zinahifadhi mahojiano, zinatunza lebo ulizobandika, kisha zinakuletea pamoja vifungu vyote vyenye lebo moja. Kifungu kipi kinastahili lebo ipi, hilo ni juu yako. Kubandika lebo kiotomatiki kupo, ila matokeo yake lazima uyasome upya.

Dhana: Ukitafuta neno, utapata kila lilipotajwa.
Hapa ndipo kazi nyingi za Kiswahili huharibika. Tuseme una mahojiano ya vibarua wa bandari ya Kilindini na unafuatilia habari ya malipo. Ukitafuta "lipa" kama neno zima, "wanatulipa", "hatulipwi" na "malipo" yote yanakupita, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba viambishi mbele na nyuma. Ukiandika *lip* kwenye AntConc, programu ya kutafuta na kuhesabu maneno, ambako nyota husimama badala ya herufi zozote, unayapata. Lakini yanaingia pia "alipofika", "nilipokwenda" na "walipotuita", yasiyohusu pesa hata kidogo. Kwa hiyo anza na orodha ya maneno yote ambayo programu huitengeneza kutoka kwenye faili zako: ichuje kwa *lip*, soma umbo moja moja, nakili yale ya kweli kwenye faili, ndipo utafute hayo tu. Kazi hiyo inachosha, lakini usiiruke.

Halafu kuna Kimvita, lahaja ya Mombasa. Mzee wa Mji wa Kale atasema "ndia" na "mtele". Mnukuzi mmoja, yaani anayeandika yaliyorekodiwa, akiyaandika hivyo, na mwenzake akayageuza "njia" na "mchele", neno moja limegawanyika na hesabu zimeharibika. Yaachwe kama yalivyosemwa, na kila utafutaji uhusishe maumbo yote mawili.

Dhana: Neno lenye hesabu kubwa ndilo mada.
Yatakayoongoza ni "na", "ya", "wa" na "kwa". Tengeneza mwenyewe orodha ya maneno ya kuachwa. Hata hivyo, mtu anaweza kueleza nusu saa nzima alivyodhulumiwa bila kutamka "dhuluma".

Dhana: Wasimbaji (wabandika lebo) wawili wakikubaliana asilimia 80, inatosha.
Chukua vifungu 100. Kila mmoja kabandika lebo ya "unyanyasaji" kwenye vifungu 10, lakini wamekutana kwenye 2 tu. Vifungu 82 wote wameviacha, kwa hiyo makubaliano ni asilimia 84. Kwa kubahatisha tu, kila mmoja akibandika lebo zake 10 ovyo, wangefikia 82 (kifungu 1 cha kubandika wote na 81 vya kuacha wote)! Kipimo cha kappa, alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa bahati hiyo: (84 − 82) ÷ (100 − 82) = 0.11, ambapo 0 ni bahati tupu na 1 ni kukubaliana kikamilifu. Lebo hiyo haijaeleweka; iandikieni maelezo mapya, pamoja na mfano wa kinachoingia na kisichoingia, kisha msimbe upya.

Dhana: Bila leseni ya kulipia huwezi.
AntConc, Taguette na QualCoder ni za bure. Taguette ukiisakinisha kwenye kompyuta yako hufunguka ndani ya kivinjari bila kuhitaji intaneti, na mahojiano hayatoki kwenye mashine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo ondoa majina na namba za simu za waliohojiwa kabla ya kuingiza faili yoyote.