Kabla ya Kulipia Astashahada ya Uzamili ya Elimu ya Afya ya Ujinsia kwa Njia ya Mtandao

Kila mara vyuo vya ng'ambo vinapokaribia kufungua muhula wa Septemba, ofisi yetu hupokea watu wa aina mbili. Wapo wanaokuja kuuliza kabla ya kujiunga, nao ni wachache. Wengine huja wakiwa wamekwisha kulipa, baadhi yao wamekwisha kuhitimu, na cheti chao kimekataliwa na mwajiri au na chuo walikoomba kusoma shahada ya juu zaidi. Hawa wa pili wanaongezeka, na sehemu kubwa ya malalamiko ya karibuni inahusu fani moja: elimu ya afya ya ujinsia inayosomwa mtandaoni katika vyuo vya nje. Makala haya yanatolewa kama elimu kwa umma. Hayachukui nafasi ya uamuzi wa mamlaka yoyote juu ya cheti cha mtu mmoja mmoja.

Tuanze kwa kusema wazi kwamba wanaoitafuta elimu hii wana sababu nzuri. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, shule zinapokea tena wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, na walimu wanatakiwa kuzungumza nao kwa maarifa, si kwa aibu wala kwa vitisho. Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Minnesota cha Marekani, kiliandaa mtaala wa afya ya ujinsia kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na ukunga kwa sababu wahudumu wenyewe walihitaji kufundishwa namna ya kuongea na mgonjwa kuhusu mambo haya. Mwalimu, muuguzi au afisa ustawi wa jamii anayetumia fedha zake kujiendeleza katika eneo hili anastahili heshima. Ndiyo maana inatuuma anapopoteza fedha hizo.

Sasa tuje kwenye utambuzi. Tuzo za elimu ya juu kutoka nje, yaani digrii na vyeti vya vyuo vikuu, hutathminiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, na mamlaka yake yanafika Bara na Zanzibar. Baraza la Mitihani hushughulikia vyeti vya sekondari. Ukisoma sekondari nje ya nchi na shahada pia nje ya nchi, una kazi mbili katika ofisi mbili, na moja haifanyi kazi ya mwenzake. Hili tunalieleza kila siku, na bado watu huja na barua ya ofisi moja wakidai inatosha kwa zote.

Kuna dhana kwamba masomo ya mtandaoni hayatambuliki nchini. Si kweli. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwepo kwa mujibu wa sheria tangu 1992 na wahitimu wake wako kila wizara. Njia ya kusoma si kosa. Kinachotazamwa ni kama chuo kina ithibati, yaani uthibitisho rasmi wa ubora, katika nchi yake, kama programu hiyo hasa iko ndani ya ithibati hiyo, na kama mwombaji alikuwa na sifa za kuingia ngazi aliyoingia. Kuna dhana ya upande wa pili, nayo ndiyo inayoumiza zaidi: kwamba chuo kikiwa cha Marekani au Uingereza basi hakuna la kuuliza. Tunaomba dhana hii iachwe.

Marekani haina wizara inayotoa ithibati kwa vyuo. Kazi hiyo hufanywa na taasisi za ithibati zinazotambuliwa na Idara ya Elimu ya nchi hiyo. Chuo cha Pennsylvania, kwa mfano, utakikuta chini ya Middle States Commission on Higher Education. Cha Michigan, chini ya Higher Learning Commission. Idara hiyo ina orodha ya wazi mtandaoni, na yeyote anaweza kuandika jina la chuo na kuona hali yake bila malipo. Leseni ya biashara ya jimbo si ithibati. Usajili wa kampuni si ithibati. Nembo yenye tai na maneno ya Kilatini si ithibati. Na taasisi ya ithibati yenyewe inaweza kuwa ya kubuni: mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi ilikuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo na shule ambazo hazikuwepo, pamoja na tovuti za mashirika ya ithibati yaliyobuniwa ili kuvithibitisha vyuo hivyo. Kwa hiyo usifuate kiungo cha ithibati kilichowekwa kwenye tovuti ya chuo. Anza na orodha ya serikali ya nchi husika, kisha ushuke mpaka kwenye jina la chuo.

Katika fani hii kuna mtego mmoja wa ziada. Matangazo mengi hutaja AASECT, chama cha kitaaluma cha Marekani cha waelimishaji, washauri na watibabu wa masuala ya ujinsia kilichoanzishwa mwaka 1967. Chama hiki ni halali na kinaheshimika. Anayetaka kuthibitishwa nacho kama mwelimishaji hutakiwa kukamilisha saa 90 za maarifa ya msingi, saa 60 za mafunzo ya namna ya kufundisha, na semina isiyopungua saa 10 ya kuichunguza mitazamo yake mwenyewe kuhusu ujinsia, mbali na kazi ya vitendo chini ya msimamizi. Lakini chama hakitoi digrii, na kuidhinisha saa za mafunzo fulani hakuyafanyi mafunzo hayo kuwa tuzo ya chuo kikuu. Mtu anaweza kukamilisha saa zote hizo kihalali katika taasisi binafsi ya mafunzo na bado asiwe na tuzo ya uzamili ya kuwasilisha popote. Ukisoma tangazo linalosema saa zake zimeidhinishwa na chama, uliza swali la pili: nani anatoa cheti, na je, yeye ni chuo kikuu?

Suala la ngazi pia linasumbua. Astashahada ya uzamili husomwa na mwenye shahada ya kwanza. Kama kozi ilikupokea kwa kujaza jina na barua pepe tu, uliyosoma ni kozi fupi, hata kama cheti chake kina neno la uzamili kwa herufi za dhahabu. Kozi fupi zina faida yake na hatuzidharau, ila usiziombee utambuzi wa uzamili. Vilevile astashahada ya uzamili si nusu ya shahada ya uzamili inayokusubiri uje kuimalizia. Chuo kinaweza kuhamisha baadhi ya krediti au kikakataa zote, na uamuzi ni wake.

Krediti zenyewe hazilingani. Kwa mfumo wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikijumuisha darasa, kusoma na majaribio. Kwa Marekani, krediti moja ya muhula hukadiriwa kuwa saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki takribani 15, yaani saa 45 hivi. Programu ya krediti 15 za Marekani inakaribia saa 675, ambazo kwa hesabu ya hapa ni kama krediti 67. Wapo waliokuja kulalamika kwamba kozi yao ni ndogo kwa sababu ina krediti 15 tu, na wapo waliojaza fomu kwa kuzidisha wenyewe. Usizidishe. Andika zilizo kwenye nakala ya matokeo, ubadilishaji utafanywa na mtathmini.

Eneo ambalo wanafunzi wa mtandaoni hulipuuza zaidi ni mafunzo kwa vitendo. Chuo kilicho ng'ambo kinakuagiza ufundishe vipindi kadhaa, urekodi, umtumie msimamizi. Kinadhani unaishi mahali ambapo mkuu wa shule anakubali kwa barua pepe. Hapa kwetu, kwa shule za serikali za Bara, unaanza kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Mkuu wa shule hana mamlaka ya kukuruhusu peke yake, na ukimshawishi akuingize kimyakimya unamponza yeye. Kwa Zanzibar unakwenda Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Kazi ikigeuka utafiti, kwa maana ya kukusanya taarifa ili uzichambue na kuzichapisha, unahitaji idhini ya maadili: kwa utafiti wa afya ni Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) upande wa Bara, na taasisi ya utafiti wa afya upande wa Zanzibar. Idhini ya kamati ya chuo chako cha nje haiondoi hitaji hili.

Kurekodi watoto kunahitaji tahadhari ya pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto na za afya kuwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Video ya wanafunzi wa darasa la saba wakiuliza maswali kuhusu balehe, ikipandishwa kwenye mtandao wa chuo kilichopo bara jingine, inagusa mambo hayo yote matatu kwa wakati mmoja. Mwombe msimamizi wako akubali badala yake rekodi ya sauti yako peke yako, au andalio la somo pamoja na barua ya mwalimu aliyekuwepo darasani. Wasimamizi wengi hukubali wakielezwa mapema. Wakielezwa wiki ya mwisho hawakubali.

Zana za kufundishia nazo zina utaratibu. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO, uliotolewa 2009 na kurekebishwa 2018, umejengwa juu ya dhana kuu nane na makundi manne ya umri, na karibu kila programu ya nje huutumia. Usome, ni hazina. Lakini kinachofundishwa darasani Tanzania ni mtaala wa Tanzania, na vitabu vya shule hupitia ithibati ya Kamishna wa Elimu. Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa maudhui yaliyoonekana kukiuka maadili. Mwanafunzi anayechapisha picha za kozi yake na kuzigawa darasani kwa nia njema tupu anajiweka pabaya, na anawafungia mlango watakaokuja nyuma yake. Unaweza kufundisha mengi, na kwa ukweli, ndani ya mtaala uliopo. Wazazi pia wakiitwa na kuelezwa mapema, mara nyingi huunga mkono kuliko tunavyowadhania. Mama aliyewahi kukaa na somo wake, yaani kungwi wake, anajua kwamba mtoto lazima afundishwe na mtu.

Mambo ya mtandao tutayagusa kwa ufupi. Maktaba za vyuo vingi hufunguka kwa VPN, yaani huduma ya kuunganisha kifaa chako na mtandao wa mbali kwa njia ya faragha. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka watumiaji wa huduma hiyo nchini kutoa taarifa zao, na kuitumia kufikia maudhui yaliyozuiwa ni kosa. Fuata utaratibu wa TCRA na uwe na barua ya chuo. Kuhusu vipindi vya moja kwa moja, saa 1 jioni ya New York ni saa 8 usiku ya Dar es Salaam, na Novemba wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa 9 usiku. Uliza kama vipindi vinarekodiwa, kabla ya kulipa.

Baada ya kuhitimu, tafadhali: cheti hiki kinakupa uwezo wa kuelimisha. Hakikufanyi daktari, wala mtibabu wa ndoa, wala muuza dawa za nguvu za kiume kwenye Instagram. Sheria ya Madaktari ya mwaka 2017 inataka usajili wa baraza kwa anayetoa tiba, na kila kada nyingine ya afya ina baraza lake. Tumeona wahitimu wazuri wakijipachika majina ya ubingwa ambayo chuo chao hakikuwapa, na hilo huwachafulia jina wenzao wote.

Kuhusu vyeti vya kughushi hatuna lugha laini. Kanuni ya Adhabu inaweka kifungo cha hadi miaka 7 kwa kughushi hati, na anayewasilisha hati ya uongo huku akijua anaadhibiwa kama aliyeighushi. Aprili 2017 watumishi wa umma 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini. Kununua digrii mtandaoni, au kumlipa mtu akuandikie kazi zote za kozi, kunakuweka kwenye barabara hiyo hiyo. Anayesema hakujua kwamba chuo hakipo, ilhali hakufanya mtihani hata mmoja, hatuwezi kuelewana naye.

Kwa ambao tayari mko masomoni, msisubiri kuhitimu. Hifadhini barua ya udahili, stakabadhi za malipo, maelezo ya kila somo, na ratiba inayoonyesha tarehe za kuanza na kumaliza, kwa kuwa vyuo hufunga akaunti za wanafunzi baada ya kuhitimu na maelezo ya masomo hubadilika. Mtumishi wa umma awe na kibali cha mwajiri kilichoandikwa kabla ya tarehe ya kuanza, hata kama anasoma usiku nyumbani kwake. Ombeni chuo kitume nakala ya matokeo moja kwa moja kwa mtathmini badala ya kuileta mkononi. Na kama mmegundua katikati ya njia kwamba chuo hakina ithibati, acheni kulipa muhula unaofuata, kisha njooni ofisini na nyaraka zote mlizonazo, pamoja na zile mnazoziona za aibu.