Ini Halioshwi kwa Chupa ya Dawa

Wengi wanaofika kliniki yetu kwa shida ya ini huwa wamekwisha kunywa kitu kabla ya kutuona. Ukiwauliza, hawakwambii mara moja. Mkishazoeana, mtu hufungua mfuko akatoa chupa ya maji ya dukani iliyojazwa dawa ya rangi ya kahawia. Haina lebo, haina tarehe, na kifuniko kimezungushiwa karatasi ya nailoni isimwagike. Ameinunua hapa Mombasa kwa muuzaji wa kipaza sauti, sokoni Kongowea au kule watu wanakosubiri feri Likoni, akaambiwa inasafisha ini, figo na damu, na nguvu za kiume inaongeza. Kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Ini halikai na uchafu likingoja kuoshwa. Liko upande wa kulia chini ya mbavu, kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na kusafisha ndiyo kazi yake. Damu inayotoka matumboni hupitia hapo kwanza, sumu ikavunjwavunjwa, mabaki yakatolewa kwa nyongo na mkojo. Kwa hivyo chochote unachomeza, cha hospitali au cha mizizi, ini ndilo hukipokea. Sisemi kila mtishamba ni sumu. Dawa kadhaa tunazoandika kila siku asili yake ni mimea. Ubaya wa chupa ile ni kwamba hakuna ajuaye mna nini ndani na kwa kipimo gani, na ini likianza kuvimba, sisi wenyewe hatujui tunashindana na nini.

Dawa za dukani nazo zina hesabu yake. Parasetamoli ni salama kwa mtu mzima mwenye afya asipozidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ila mtu humeza viwili kwa maumivu ya mgongo, akanywa dawa ya mafua juu yake, na zote mbili zina parasetamoli. Aliyezidisha sana anaweza kujihisi mzima siku ya kwanza. Asingoje kuumwa: dawa ya kuizima sumu ipo hospitali, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Na muguka, yale majani ya kutafuna? Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, mahakama ikalisimamisha agizo, na ubishi wa siasa na riziki za watu ukameza kila kitu. Kuhusu ini lenyewe hayakusemwa mengi. Madaktari katika nchi mbalimbali wamewaona watafunaji wa miraa wakipata uvimbe wa ini usio na sababu nyingine, ukapoa walipoacha, ukarudi waliporudia. Muguka ni jamaa ya miraa hiyo hiyo.

Lakini kama ningepewa dakika tano tu na mkazi wa Mombasa, zote ningezitumia kwa homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na virusi hivi duniani, na wengi wao hawajijui. Virusi hukaa kwenye ini miaka ishirini, thelathini, bila homa wala maumivu, huku makovu yakijijenga mpaka ini linasinyaa, au inaingia saratani. Mtu anakuja macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, nasi wakati huo tuna machache ya kumfanyia.

Kipimo cha kwanza ni tone la damu, na jibu hutoka muda si mrefu. Chanjo ipo, nayo ni nzuri. Kenya iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2001, hupewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Fanya hesabu mwenyewe: uliyezaliwa kabla ya hapo, utotoni hukuipata. Mtu mzima aliyepimwa akakutwa hana virusi huchomwa sindano tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya miezi sita tangu ile ya kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau.

Virusi hivi huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Sahani moja, kikombe kimoja, kukumbatiana, kukaa msibani bega kwa bega, hakuna kati ya hayo kinachoambukiza. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watu wakitengewa vyombo nyumbani kwao bila sababu yoyote. Cha kuogopa ni damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, maana virusi hudumu nje ya mwili siku 7 au zaidi. Kwa kinyozi, wembe utoke kwenye karatasi yake mbele yako. Anayekuumika chuku akushike kwa glavu, na kiwembe cha kuchanjia akitupe ukimwona. Wanaotoga masikio na wanaochora chale, vivyo hivyo. Kwa ndugu zetu wanaojidunga dawa za kulevya, sindano ya kushirikiana huleta pia aina ya C, ambayo haina chanjo lakini inatibika: vidonge vya wiki 8 hadi 12 huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100.

Ukikutwa na B, usikate tamaa wala usikimbilie chupa. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Anayehitaji hupewa kidonge kimoja kwa siku, mara nyingi tenofoviri, ambacho huvidhibiti bila kuving'oa. Mwenza na watoto wapimwe pia. Mjamzito aulizie kipimo hiki mapema, kwa sababu mtoto anayeambukizwa akizaliwa, uwezekano wa virusi kumganda maisha ni karibu 90 katika 100.

Ini lenye mafuta sasa tunaliona hata kwa wasioonja pombe. Sukari isiyotumika ini huigeuza mafuta, na sisi watu wa Pwani tunajua kula: mahamri asubuhi, chai tamu mara tatu, soda na viazi karai jioni. Kwa mwenye kilo 90, kupunguza kilo 6 hadi 9 taratibu hupunguza mafuta na uvimbe pia. Mnazi, bia na chang'aa vina mambo yao, na anayekunywa kila siku anajua nitakachosema. Kahawa chungu ya Mji wa Kale, ninafurahi kusema, iko upande wetu: tafiti nyingi zimeona wanywaji wa kahawa hupata makovu ya ini kwa nadra zaidi. Kashata ile ya pembeni ndiyo siitetei.

Unyevu wa huku nao huota kuvu kwenye mahindi na njugu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi, na kusaga kunaificha tu. Chagua punje kabla ya kupeleka kinuni, na njugu ikiwa chungu mdomoni iteme. Kwa mwenye virusi vya B, sumu hii huzidisha mara nyingi hatari ya saratani.

Macho ya manjano, mkojo mweusi, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi ti, au mgonjwa kuanza kuchanganyikiwa: hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto mchanga ambaye baada ya wiki mbili macho bado ni ya manjano na choo chake ni cheupe, asiendelee kuanikwa jua la asubuhi. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaulu zaidi ukifanywa kabla hajatimiza siku 60.