Shirley Temple hakuwa mtu mzima aliyejifanya mtoto

Katika miaka ya 1930, Shirley Temple alipokuwa mtoto mashuhuri kuliko wote katika sinema za Marekani, ulienea Ulaya uvumi kwamba hakuwa mtoto hata kidogo, bali mbilikimo wa miaka 30 aliyevalishwa gauni fupi. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, uvumi huo ulishika mizizi kiasi kwamba Vatikani ilimtuma padri kwenda kuhakikisha.

Walioamini walitaja meno yake: mbona hayang'oki? Ukweli ni kwamba yaling'oka kama ya mtoto yeyote, lakini studio haikutaka pengo lionekane, hivyo akawa anavalishwa meno ya bandia kabla ya kupigwa picha.

Alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Cha kuchekesha ni kwamba umri wake ulidanganywa kweli, ila kwa kupunguzwa: studio ilimwondolea mwaka mmoja, naye akaja kugundua siku aliyodhani anatimiza miaka 12 kwamba kumbe anatimiza 13.

Na alikua, tena hadharani. Aliacha filamu mwaka 1950, akarejea mwaka 1958 na kipindi cha televisheni cha hadithi za watoto, kisha akawa balozi wa Marekani nchini Ghana kuanzia 1974 hadi 1976, na baadaye Chekoslovakia. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 85; angekuwa na miaka 30 mwaka 1934, kama ilivyodaiwa, angefariki akiwa na 110.