Baridi ya Julai haitokani na umbali wa jua

Tumeisikia tangu shule, eti Julai kuna baridi sababu dunia iko mbali na jua, na Januari joto sababu iko karibu. Kinachofanya hii imani ing'ang'anie ni kwamba namba zenyewe ni za kweli, mapema Januari tunakuwa kama kilomita milioni 147 toka kwenye jua, mapema Julai milioni 152, na mtu wa Iringa aliyejifunika blanketi mwezi wa saba anaona mbona imekubali.

Sasa muulize huyohuyo, mbona Julai hiyohiyo London ni kiangazi? Dunia ni moja, umbali ni uleule. Hapo wengi tunakwama, na inaniuma kwa kweli, maana tunajua kabisa mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.5, tulikariri, tukajibu mtihani, tukapata vema, ila hatukuwahi kuuliza hiyo namba inafanya kazi gani.

Kazi yake ndo hii, Julai kizio cha kaskazini kimeinamia jua na sisi wa kusini tumeegemea upande wa pili, kwa hiyo miale inatufikia kimshazari, inasambaa eneo kubwa zaidi, na mchana nao unapungua. Usiku mulika tochi ukutani ikiwa imenyooka, halafu iinamishe taratibu, utaona mwanga unavyotanuka na kufifia. Ukishaiona hiyo, mtu akikuuliza Desemba huko Sydney, Australia, kusini kama sisi, kukoje unamjibu palepale, hata kama hujawahi kusoma popote.